NDANI AU KATI? HISTORIA YA NENO MOJA KATIKA INJILI YA LUKA

Neno la Kigiriki entos limetumika mara mbili tu katika Agano Jipya. Katika Mathayo 23:26 maana yake haina utata: ni upande wa ndani wa kikombe. Katika Luka 17:21, ambapo Yesu anawajibu Mafarisayo waliouliza ufalme wa Mungu utakuja lini, neno hilo limezua mjadala mrefu. Je, ufalme umo ndani ya watu au uko kati yao? Swala hili si la kisarufi pekee; linahusu mahali ambapo utajiri wa kiroho hauna budi kutafutwa.

Watetezi wa "ndani" wana hoja ya kimtindo: Luka anapotaka kusema "katikati ya" hutumia kirai kingine, en meso. Watetezi wa "kati" nao huuliza vipi ufalme uwe ndani ya Mafarisayo, ambao injili iyo hiyo inawakosoa vikali.

Usomaji wa ndani ulipata mizizi mapema nchini Misri. Origen wa Aleksandria, katika risala yake kuhusu sala ya karne ya 3, aliuona ufalme kuwa hali ya nafsi inayotawaliwa na Mungu. Karne iliyofuata, Athanasius alisimulia jinsi mtawa Antoni alivyowafunza wenziwe kuwa Wagiriki huvuka bahari wakitafuta elimu, ilhali mwenye kuutaka ufalme hana haja ya safari. Injili ya Tomaso, ambayo nakala yake ya Kikopti iligunduliwa karibu na Nag Hammadi mwaka 1945, inakwenda mbali zaidi: ufalme umo ndani na pia u nje, na asiyejitambua huishi katika ufukara. Hapa kujitambua ndiko utajiri wenyewe.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuuchukulia usomaji huu kama kibali cha kujifungia nafsini. Antoni huyo huyo, kabla ya kuelekea jangwani, aliwagawia wanakijiji aroura 300 za ardhi ya urithi na kuwauzia wengine mali iliyobaki ili maskini wapewe fedha. Wingi wa ndani ulitanguliwa na mkono uliofunguka.

Wafasiri wa Kiswahili wamerithi mgogoro huu. Tafsiri ya Muungano ya 1952 ilichagua "umo ndani". Habari Njema ya miaka ya 1990 ikachagua "kati". Ngeli za mahali zinaupa uteuzi wa kwanza uzito usiopatikana katika lugha nyingi, kwani kiambishi mo chenyewe tayari kinabeba dhana ya undani. Lakini kimilikishi "yenu" ni cha wingi. Undani unaotajwa ni wa watu wengi kwa pamoja, wala si hazina ya mtu mmoja. Mhakiki anayeisoma sarufi hiyo kwa makini atakiri kwamba "ndani" ya Kiswahili haijaiacha "kati" mbali.