Mialo, Barabara na Migodi: Historia ya Vihatarishi vya Maambukizi ya VVU katika Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986, mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Mkoa wa Mara, ulioko upande wa pili wa Ziwa Viktoria, haukusalimika. Katika miaka hiyo ya mwanzo, maelezo kuhusu maambukizi yalielemea tabia za watu binafsi na mila kama vile kurithi wajane, ndoa za wake wengi na nyumba ntobhu. Mila hizo zina nafasi yake katika historia hii. Hata hivyo, makala hii inadai kwamba zikitazamwa peke yake huficha kihatarishi kikubwa zaidi, yaani namna watu wanavyotafuta riziki.

Huko Musoma, riziki hiyo ilibadilishwa na sangara. Biashara ya samaki huyo ilipanuka katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafuata. Wavuvi walihama kutoka mwalo mmoja hadi mwingine wakiwafuata samaki, ilhali wanawake wachuuzi walimtegemea mvuvi ili wapate mzigo. Asiye na mtaji aliweza kudaiwa mwili wake kabla ya kuuziwa samaki. Bunda iko kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, mpakani mwa Kenya, ambako madereva na wafanyabiashara hupita na kulala. Butiama, ambayo awali ilikuwa sehemu ya Musoma Vijijini, ina dhahabu ya Buhemba na Kiabakari iliyochimbwa tangu enzi za ukoloni. Katika maeneo yote matatu hukutana mwanamume aliye mbali na kwao, fedha za msimu na mwanamke asiye na uwezo wa kukataa.

Aidha, hatari hiyo huongezwa na maradhi yasiyotibiwa. Utafiti uliofanyika vijijini katika mkoa jirani wa Mwanza kati ya mwaka 1991 na 1994 ulibaini kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Tafiti za baadaye katika Kanda ya Ziwa zilionesha pia uhusiano kati ya kichocho na VVU kwa wanawake. Pamoja na hayo, ugawaji wa kingatiba ya kichocho umewalenga zaidi wanafunzi wa shule za msingi. Mama anayefua na kuchota maji ziwani kila siku amekuwa nje ya mpango huo, ingawa lawama za tabia hazikumkosa.

Dawa za kufubaza VVU zilianza kutolewa bila malipo nchini mwaka 2004. Kiwango cha maambukizi kitaifa kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 49 kilishuka kutoka takribani asilimia 7 mwaka 2003/04 hadi chini ya asilimia 5 mwaka 2016/17. Kwa kuwa wagonjwa sasa wanaishi muda mrefu, matatizo mengine ya kiafya yamejitokeza. Kifua kikuu kingali tishio, na mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye na virusi hivyo.

Hivyo basi, huduma haina budi kufuata njia za riziki. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapong'aa, wavuvi hupumzika, hurejea makwao au huhama. Tarehe ya kliniki iliyopangwa bila kuzingatia kalenda hiyo humkuta mgonjwa yuko ziwani au amelala baada ya kukesha, kisha kitabu humwandika mtoro. Historia ya Mara inafundisha kwamba kabla ya kuuliza kwa nini mtu huyo hakufika, ni vema kuuliza alikuwa wapi akitafuta chakula cha wanawe.