Mikono ya Vijana wa Hill District

Mzee mmoja wa mtaani kwetu alianguka barazani, kikombe cha kahawa kingali mkononi. Tukamzunguka watu kama kumi hivi. Huyu anampepea, yule anammwagia maji, mwingine anapiga kelele tafuteni gari. Likapatikana pikapu la kubebea mchanga, tukampakia nyuma, mmoja kashika miguu, mmoja kashika mikono. Kufika hospitali tukaambiwa alikwisha kufa. Miaka imepita lakini swali halijanitoka: katika wanaume kumi wenye nguvu zao, kweli hakuwepo hata mmoja wa kufanya jambo?

Swali hilo lilinipeleka kwenye vitabu, na vitabu vikanipeleka Pittsburgh, Marekani.

Kwanza tuelewane, ndugu msomaji. Moyo ukisimama, damu haiendi kwenye ubongo, na baada ya dakika nne au tano ubongo huanza kuharibika. Zamani daktari alimpasua mgonjwa kifua, akaubana moyo kwa mkono wake. Mwaka 1960, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Johns Hopkins, mjini Baltimore, walitangaza kwamba kisu si lazima: viganja viwili vikikandamiza kifua kwa nje, damu inatembea. Katika mji huohuo daktari Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, alikwisha kuonyesha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo yatosha kumweka mtu hai. Basi maarifa yakawepo. Wa kuyafikisha barabarani ndio hawakuwepo.

Pittsburgh ya miaka hiyo mgonjwa alibebwa na polisi, kwa karandinga. Askari anakutupa nyuma, anafunga mlango, anaendesha. Huko nyuma uko peke yako na Mungu wako. Hill District, mtaa wa Weusi, hata hilo karandinga lilichelewa. Novemba 1966 akaanguka mkubwa, David Lawrence, aliyekuwa meya na kisha gavana. Naye akapakiwa vilevile, na baadaye mwezi huo akafa. Mwaka huohuo Safar, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi Pittsburgh, alifiwa na bintiye kwa pumu. Msiba ukamkuta mtu mwenye elimu ya pumzi kuliko wote mjini!

Mwaka 1967 Safar na wenzake wakaanzisha kikosi cha magari ya wagonjwa, kikaitwa Freedom House. Wakachukua vijana Weusi wa Hill District. Wengi hawakuwa na kazi, baadhi hawakuwa hata na cheti cha sekondari. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nikabaki kijiweni, hapo nilifunga kitabu kwanza nikacheka peke yangu. Watu kama sisi! Wakafundishwa karibu saa 300: mwili ulivyo, njia ya hewa, moyo, huduma ya kwanza. Mwaka 1968 magari yakaingia barabarani, na mwaka wa kwanza wakaitwa zaidi ya mara 5,800.

Nilidhani kumwamsha mtu ni kazi ya shujaa mmoja. Sivyo. Kwa kipimo cha leo, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kishuke sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima. Jaribu juu ya mto wa kulalia uone kama ni mchezo. Baada ya dakika mbili mikono inalegea, na mwenzio lazima aingie papo hapo. Mwingine anatoa pumzi, mwingine anatazama saa, mmoja anaongoza, na anayeagizwa anarudia alichosikia ili lisipotee neno. Sisi barazani tulikuwa kumi, lakini hatukuwa kikosi. Tulikuwa umati.

Mwaka 1974 daktari Nancy Caroline akajiunga nao, akiwafundisha na kupanda nao garini usiku. Kutokana na kazi hiyo ukapatikana mtaala uliotumika Marekani nzima, na mwaka 1979 kitabu chake kikatoka. Miaka ya 1980 huyuhuyu mama alifanya kazi Nairobi na madaktari warukao wa AMREF.

Na vijana? Oktoba 1975 halmashauri ya jiji ilianzisha kikosi chake yenyewe, Freedom House ikafungwa. Wakongwe wakawekewa mitihani mipya, wengine wakawa chini ya wazungu wasio na uzoefu wao, wakibebeshwa mikoba. Wengi wakaondoka. Kwa miaka mingi jiji lilisifiwa kwa magari yake, na waliofungua njia hawakutajwa. Mmoja wao, John Moon, alivumilia, akapanda mpaka kuwa mkuu msaidizi wa kikosi hichohicho.

Historia inapenda kuandika jina la mvumbuzi, na aandikwe, ni haki yake. Lakini uvumbuzi wa mwaka 1960 ungebaki karatasi kama wasingetokea waliopiga magoti barabarani wakauweka mikononi. Walikuwa vijana walioambiwa hawafai kitu.

Mwaka jana nilijifunza, siku mbili, juu ya mdoli wa plastiki. Jasho lilinitoka. Tulipomaliza nilikwenda kukaa barazani, mahali palepale, nikawauliza wenzangu: nani yuko tayari tuwe wanne? Wawili wamekubali. Tunamtafuta wa nne.