Kupanga Insha ya Uhakiki Kuhusu Mandhari: Kutoka Nengo hadi Bandari ya Unguja

Katika insha za fasihi tunazosahihisha kila muhula, mandhari ndicho kipengele kinachopewa nafasi ndogo kuliko vyote. Mwanafunzi huandika kurasa tatu kuhusu dhamira, mbili kuhusu wahusika, na akifika kwenye mandhari hutoa sentensi moja: riwaya hii imetumia mandhari ya Zanzibar, bandarini na nyumbani. Kisha anahamia matumizi ya lugha. Swali linapokuja kuhusu mandhari peke yake, sentensi ile moja hunyooshwa hadi ijaze kurasa nne, nasi tunabaki kusoma orodha ya majina ya mahali. Katika makala haya tunapenda kueleza mazoea haya yametoka wapi, na jinsi sisi tunaofundisha huku Gisenyi tunavyojaribu kuyavunja.

Tuanze na neno lenyewe, maana lina la kutufunza. Mandhari limetokana na Kiarabu, katika mzizi unaohusu kutazama. Ni kile jicho linachokiona. Mazingira, kwa upande mwingine, ni neno la Kibantu linalotokana na kuzingira: ni kile kinachomzunguka mtu, apende asipende. Walimu wengi huyatumia maneno haya mawili kana kwamba ni pacha. Sisi tunaona kuwa insha nzuri huanzia kwenye tofauti yao. Msomaji anatazama bandari. Mhusika amezingirwa nayo.

Mgawanyo wa fani na maudhui, ambao kila mwanafunzi anaujua kwa moyo, ulienea katika shule na vyuo vya Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na wahakiki wa wakati ule walikuwa katika mjadala mkali juu ya uhusiano wa fasihi na jamii. Dhamira na migogoro ya kitabaka ndiyo iliyotiliwa mkazo. Mandhari yalipangwa upande wa fani, pamoja na muundo na mtindo, yakawa kisanduku kimoja cha kujaza. Wahakiki wenyewe hawakukusudia hivyo, lakini mtihani una nguvu kuliko kitabu, na kilichobaki darasani ni visanduku.

Kwa Rwanda kuna sababu nyingine, ya kihistoria zaidi. Wakati wa Wajerumani Kiswahili kilitumika katika utawala na vituo vya kijeshi, Gisenyi ikiwa kimojawapo. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, shule, ambazo nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, zilielekea Kinyarwanda na Kifaransa, na Kiswahili kilitazamwa kwa mashaka kama lugha ya Waislamu na wafanyabiashara. Wakati huohuo, upande wa Waingereza kulikuwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ikasanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, na East African Literature Bureau ikaanzishwa mwaka 1948 kuchapisha vitabu. Kwa hiyo si ajabu kwamba riwaya tunazofundisha zimejaa minazi, karafuu na majahazi, au visiwa vya Ziwa Victoria. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mwanafunzi wetu anaingia katika riwaya hizi akiwa mgeni, naye anaamini kuwa mandhari ni mali ya wenyeji wa pwani, wala yeye hana la kusema. Hilo ndilo linalotuuma zaidi, maana si kweli.

Ndiyo sababu zoezi letu la kwanza halianzi na kitabu. Linaanza na Nengo, kagari iliyo katika sekta ya Gisenyi, wilaya ya Rubavu. Ziwa Kivu li karibu, Goma i karibu, na mlima Nyiragongo huonekana anga likiwa safi. Tunamwomba mwanafunzi aandike aya moja juu ya mahali hapa. Aya ya kwanza siku zote ni kadi ya posta: maji ya buluu, upepo mwanana, milima mirefu. Tunairudisha na swali moja tu: nani anapita mpakani, akiwa na karatasi gani, amebeba nini, na saa ngapi?

Aya ya pili huwa ya mtu mwingine kabisa. Anaandika juu ya akina mama wanaovuka kwa miguu kwenye Petite Barrière na mboga kichwani. Anakumbuka kwamba upande wa pili Kiswahili chenyewe kinabadilika, kwamba huko wengi husema "batu banasema" mahali ambapo yeye amefundishwa "watu wanasema". Anagundua kwamba mstari ule anaoupita kila siku uliafikiwa mwaka 1910 na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na hakuna mwenyeji wa Gisenyi aliyeulizwa. Wengine hugundua kwamba Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa hapahapa Gisenyi mwaka 1976, kwa kusudi la kuurahisisha mstari huohuo.

Kisha tunaongeza wakati. Julai 1994, katika siku chache, mamia ya maelfu ya watu walipita hapa wakielekea Goma. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka, watu wa Goma walikimbilia Gisenyi. Mwaka 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya korona, na mchuuzi wa nyanya akasimama upande wake akiwatazama wateja wake wa upande wa pili. Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, njia ilikuwa tena ya kuja huku. Mahali ni pale pale. Lakini mwandishi wa riwaya akiweka mhusika wake pale mwaka 1994 na mwingine akimweka 2020, hizo ni mandhari mbili zisizofanana hata kidogo. Mrusi Mikhail Bakhtin aliandika mengi juu ya jinsi mahali na wakati visivyotenganika katika riwaya. Mwanafunzi wa Nengo hulielewa jambo hilo kabla ya kumsoma Bakhtin, naye akimsoma baadaye humwona kama mtu anayefahamu mji wake.

Sasa tunafungua kitabu. Tunachopenda kutumia ni Kuli cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1979. Rashidi ni mtoto wa kuli ambaye naye anakuwa kuli katika bandari ya Unguja, na riwaya inaelekea kwenye mgomo. Msingi wake wa kihistoria ni mgomo wa mwaka 1948, ulioanza kwa makuli mwezi Agosti ukaenea mjini hadi ukawa mgomo wa wafanyakazi kwa jumla. Haukuwa peke yake: Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa zimepata migomo yao mwaka 1947, nayo malalamiko yalifanana, yaani ujira mdogo na maisha ghali baada ya vita.

Hapa pana hatari tunayotaka kuitaja waziwazi. Mwanafunzi akishajua historia hii huimwaga yote katika utangulizi. Anaanza na Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja, anapita kwenye karafuu, anapita kwenye himaya ya Waingereza ya mwaka 1890, na akifika kwenye gati karatasi imekwisha. Insha nyingi zimezama kabla ya kufika bandarini. Shauri letu ni kwamba historia iingie ndani ya aya inayoihitaji, sentensi mbili au tatu, papo hapo ambapo bila hiyo msomaji hataelewa kwa nini mhusika ametenda alivyotenda.

Kabla ya kuandika chochote, mwanafunzi asome riwaya na daftari pembeni. Kila tukio kubwa aandike ukurasa, mahali, wakati, nani yupo, na nani hayupo au haruhusiwi kuwapo. Safu hii ya mwisho ndiyo yenye utajiri. Ni swali lilelile la Nengo: nani anapita? Mji wa Unguja wenyewe uligawanyika kwa hori, Mji Mkongwe upande mmoja na Ng'ambo upande wa pili, na jina la Darajani linakumbusha kwamba palikuwa na daraja la kuvukia. Nani katika riwaya anavuka, kwa shughuli gani, na anarudi wapi jua likizama? Nani anaishi karibu na meli na nani anazifuata kwa miguu? Akijibu haya kwa kurasa na mistari, ushahidi umepatikana.

Kutoka kwenye daftari hilo ndipo hoja kuu itoke. "Mandhari yana umuhimu mkubwa katika Kuli" hatuipokei, kwa kuwa hakuna mtu duniani anayeweza kuipinga. Lakini mwanafunzi akidai kwamba bandari ndiyo inayowaunganisha watu ambao mitaa imewatenga, kwa sababu mzigo mmoja unahitaji mabega mengi, hapo ana jambo la kuthibitisha na mwenzake ana jambo la kubisha. Tunamtaka alete hoja hiyo katika sentensi moja, na chini yake aya nne au tano kwa sentensi moja moja. Mpango wa ukurasa mmoja unatosha. Ukizidi hapo, umeanza kuwa insha yenyewe.

Katika kupanga aya, tunakataa ule mtiririko wa mahali, kisha wakati, kisha mazingira ya kijamii. Huo ni ukaguzi wa stoo. Aya zifuate mwendo wa hoja. Kwa hoja tuliyoitaja, aya ya kwanza ingeonyesha utengano wa makazi, ya pili kazi inavyowakutanisha watu gatini, ya tatu jinsi mazungumzo ya mahali pa kazi yanavyogeuka kuwa malalamiko ya pamoja, na hapa ndipo mwaka 1948 unapoingia. Ya nne ingetafuta tukio linalokwenda kinyume na hoja. Wanafunzi huiogopa aya hii, wakidhani inawapunguzia alama. Sisi ndiyo tunayoitafuta kwanza tunapoanza kusahihisha.

Mara nyingi tunaombwa kulinganisha, na hapo tunapendekeza Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1971, kilichopigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda. Rosa anatoka kisiwani Ukerewe, alikolelewa chini ya ukali wa baba, na kuvuka maji ni kuingia katika uhuru asiojua kuutumia. Wanafunzi wa huku wanayajua maji, hivyo humwelewa upesi, pengine upesi mno. Tunawakumbusha kwamba ziwa la Rosa lina nchi yake pande zote mbili za kivuko, hali ziwa lao lina nchi ya wengine ng'ambo. Kwa wenye ujasiri kuna Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), nchi inayoelea angani. Kuiita mandhari ya kubuni na kuishia hapo ni uvivu. Swali ni kwa nini mtumishi wa serikali ya kikoloni aliona ni salama zaidi kujenga mahakama yake angani kuliko ardhini Tanga.

Kuhusu hitimisho tuna neno fupi. Katika Kuli kuna wakati mwingine ambao haumo ndani ya hadithi: mwandishi anaandika miaka kumi na mitano baada ya Mapinduzi ya 1964, akijua yaliyofuata baada ya mgomo, na akiwa amekwisha kuonja kizuizi katika kamatakamata ya baada ya Sheikh Karume kuuawa mwaka 1972, yaliyokuja kuzaa Haini mwaka 2003. Je, bandari ile tunaitazama kwa macho ya kuli wa 1948 au ya mtu wa 1979? Aya ya mwisho ya insha ina nafasi ya kutosha kwa swali hilo moja, likijibiwa kwa ukurasa na mstari kama aya nyingine zote.