Majumba ya Michenzani na ahadi waliyopewa watu wa Ng'ambo

Mgeni anayeshuka bandarini Unguja huwa keshaambiwa atazame nini: milango ya nakshi, vichochoro vya Mji Mkongwe, Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Akivuka Darajani kwenda kutafuta daladala ndipo anapokutana na kitu ambacho hakuambiwa. Mbele yake yamesimama majumba ya ghorofa yasiyokwisha, saruji tupu iliyochujuka rangi, madirisha safu juu ya safu, nguo zimeanikwa roshani hadi roshani. Yapo yanayofikia urefu wa mita 300 hivi. Wengi huuliza ni nani aliyeleta ubaya huu katika kisiwa kizuri namna hii, kisha hugeuzia kamera upande wa pili.

Swali hilo lina jibu, na jibu lake linaanza zamani sana kabla ya saruji kufika.

Mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili, katikati ukipita mkono wa bahari pale ilipo leo barabara ya Darajani. Magharibi kulikuwa na nyumba za mawe: masultani, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi, mabalozi wa Kizungu. Mashariki kulikuwa na Ng'ambo, makazi ya waliotoka utumwani na watoto wao, ya wavuvi, mafundi, Wangazija, wachukuzi wa bandarini na watu waliotoka bara. Serikali ya kikoloni iliukuta mgawanyiko huo na ikauimarisha kwa kanuni za ujenzi na ramani za mipango miji, ukiwamo mpango wa Lanchester wa mwaka 1923. Mkono wa bahari ukaja kufukiwa, ila mpaka ulibaki pale pale.

Mtu wa Ng'ambo alijenga kwa boriti, udongo na makuti. Nyumba ilikuwa yake, lakini ardhi iliyo chini yake ilikuwa ya mwingine, na kila aliyejenga alidaiwa kodi ya ardhi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kwa umoja, wakakataa kuilipa. Mgomo huo hautajwi mara nyingi tunapozungumzia Michenzani, nami naona ni kosa. Hasira ya kulipia kipande cha ardhi unacholalia ilikuwapo miaka 36 kabla ya Mapinduzi, na bila ya kuijua hiyo huwezi kuelewa kwa nini Mzee Abeid Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi, alilishikilia suala la nyumba kuliko karibu jambo jengine lolote.

Mapinduzi yalitokea Januari 12, 1964. Mwezi wa Machi mwaka huo ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali. Wakati huo huo Zanzibar ikawa nchi ya kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, dola ambayo Ujerumani Magharibi haikutaka itambuliwe na mtu yeyote. Baada ya Muungano jambo hilo lilimtia Mwalimu Nyerere katika mtihani mkubwa, hadi serikali ya Ujerumani Magharibi ikaondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965. Kwa Zanzibar, urafiki huo ulileta wataalamu wa ujenzi. Walianzia Kikwajuni, yakasimama majumba ya kwanza, na mwaka 1968 mtaalamu wao Hubert Scholz akaandika mpango mpya wa mji mzima.

Michenzani ndiyo iliyokuwa kitovu. Barabara mbili pana zilipasuliwa katikati ya Ng'ambo, zikakutana kwenye mzunguko mmoja, na kando yake yakapangwa majumba kumi, Namba 1 hadi Namba 10. Urefu ule haukutokea kwa bahati mbaya. Ulikusudiwa uonekane, ili anayetazama kutoka upande wa mawe ajue kwamba mkubwa wa mji sasa yuko Ng'ambo.

Gharama yake haikuwa fedha peke yake. Nyumba nyingi za udongo zilibomolewa kupisha barabara na misingi, na pamoja nazo zikaondoka baraza, misikiti midogo ya mtaani na ujirani wa miaka mingi. Watu waliitwa kwenye kazi za kujitolea, kuchimba na kubeba matofali, na si kila aliyejitolea alikuwa na hiari ya kukataa. Karume mwenyewe hakuiona kazi ikimalizika. Aliuawa Aprili 7, 1972, Kisiwandui, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Ujenzi uliendelea chini ya Mzee Aboud Jumbe, lakini kwa kiasi kidogo kuliko ilivyokusudiwa, kwa kuwa mpango ulikuwa wa majumba mengi zaidi ya hayo kumi.

Waliohamia walipata umeme, maji ya bomba na choo cha ndani, vitu ambavyo wazee wao waliviona kwa watu. Walichokosa ni uani. Nyumba ya Ng'ambo ina baraza mbele, pa kukaa wanaume na wapita njia, na uani nyuma, ambapo mwanamke hupika, huanika, husuka ukili na kupokea wenzake bila ya kuonwa na mtu wa barabarani. Mchoro uliotoka Ujerumani haukuwa na nafasi hiyo. Basi roshani ikageuzwa uani: seredani pembeni, ndoo za maji zimepangwa, kamba za nguo, mchaichai kwenye kopo. Baraza nayo ilishuka chini, kwenye miguu ya ngazi, na hapo ndipo watu hucheza bao na dhumna mpaka usiku. Maduka yakafunguliwa ghorofa ya chini. Maji yalipokosa nguvu ya kupanda, ndoo zikapandishwa kwa mikono, ngazi baada ya ngazi, na hadi leo mwenye goti bovu anayekaa juu hufikiri mara mbili kabla ya kushuka sokoni.

Hapo ndipo ninapouona ubaya wa Michenzani. Kuta ndefu hazinikeri. Kinachokera ni ngazi zilizokatika kingo, maji machafu yanayovuja kutoka ghorofa moja kwenda nyingine, na mabishano yasiyokwisha kuhusu nani atengeneze kile ambacho ni cha wote. Watu walikabidhiwa majumba, lakini njia ya kuyatunza haikuwekwa imara. Beit al-Ajaib ilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, wataalamu na wafadhili walijitokeza, na ilistahili. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Wanaokaa Michenzani nao wanakaa ndani ya historia, na wao hawana mfuko wa aina hiyo.

Pale kwenye mzunguko umeongezwa mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi, na karibu yake limejengwa jengo jipya la maduka. Majumba kama ya Michenzani yapo pia Makunduchi, na Pemba yapo Wete, Chake na Mkoani, katikati ya migomba na mikarafuu. Ya huko yameandikwa kidogo zaidi, na waliobeba matofali yake wakiwa vijana sasa ni wazee wa miaka zaidi ya 70. Wao ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya makandarasi hawajaitwa kupaka rangi.