Kutoka Mgeni hadi Mwenyeji

Telluride ni mji wa Colorado, Marekani, wenye wakazi wapatao 2,600, uliojibana bondeni katika milima ya San Juan, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Zamani uliishi kwa migodi; tangu mwaka 1972 theluji nayo ni riziki yake. Mswahili akihamia huko atayasimuliaje maisha yake? Maneno anayo. Mengine tumeyasahau tu.

Tuanze na kinachoshuka kutoka juu. Theluji limetoka kwa Waarabu, ambao thalj yao ni theluji na barafu pia. Barafu limetoka kwa Waajemi, na kwao barf ni theluji yenyewe. Sisi tuliyapokea yote mawili tukayagawia kazi: theluji ni ile laini, barafu ni ile iliyoganda ikawa ngumu. Mgawanyo huo tuulinde. Tukisema “barafu inaanguka”, tunapoteza tofauti ambayo mlimani inaweza kumvunja mtu mguu.

Mchezo wa kushuka mlima juu ya theluji, ambao ndio riziki ya mji, tunauita kuteleza kwenye theluji. Siridhiki. Kuteleza hutokea bila kupenda: mguu huteleza, ulimi huteleza. Anayeshuka mteremko kwa hiari na ustadi huserereka. Basi mchezo uwe mserereko.

Na vile vibao vya miguuni? Skii, neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya, asili yake ni kipande cha mti uliopasuliwa. Seremala wetu anao upapi, ubao mwembamba mrefu, wingi wake papi. Napendekeza papi za theluji.

Msimu ni neno la jahazi. Waarabu walitupa mausim, nasi tukalitia kaskazi na kusi, nyakati za kuja na za kuondoka. Telluride nako wafanyakazi wengi huja na theluji na kuondoka nayo. Kisha mserereko hufungwa, njia hujaa matope, maduka kadhaa hufunga milango. Wakati huo wenyeji huuita siku za matope. Mabaharia wetu wana neno pana zaidi: tangambili, kipindi cha kati ya pepo mbili, upepo usipokuwa na uamuzi. Tulipandishe mlimani.

Sasa mtu mwenyewe. Mhamiaji linaeleza safari, halielezi makazi. Mlowezi linaeleza makazi, lakini limechafuliwa na historia ya mashamba yaliyoporwa. Inasikitisha, maana kitenzi chake, kulowea, masikioni mwangu kinakaa jirani na kulowa: kuingia ardhini taratibu kama theluji inayoyeyuka. Kitenzi tukitunze, hata kama nomino imeharibika.

Linabaki mwenyeji: mwenye mji. Halidai kuzaliwa hapo, wala hati ya nyumba. Linapatikanaje? Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe ni beleshi. Usiku theluji imefika magotini. Asubuhi jirani mzee hawezi kufungua mlango. Mgeni anashika beleshi, anachota, anatupa kando, mpaka ngazi zinaonekana. Akifanya hivyo kipupwe kizima, kisha akabaki tangambili wenzake walipoondoka, ameanza kulowea.

Mwenyeji pia ni yule ampokeaye mgeni. Siku atakapomkabidhi mwingine beleshi na kumwonyesha mlango wa mzee, jina hilo litakuwa lake.