Gobore Jipya Halina Kazi Malinyi

Huko Gardone Val Trompia, Italia, mafundi bado wanaunda upya bunduki za karne ya 18 na 19, za gumegume na za fataki, na wateja wao Ulaya na Marekani ni wapenda historia na walenga shabaha. Bonde la Kilombero halikuhitaji kuagiza mbali, kwa kuwa wapo mafundi wa vijijini ambao kwa miaka mingi wameziiga bunduki hizohizo, nasi tukaziita magobore. Je, mkazi wa Malinyi atoe fedha yake kwa nakala kama hiyo? Hapana, na ushahidi mkubwa ni historia ya bonde lenyewe.

Bunduki nyingi zilizoingia bara na misafara ya pembe za ndovu zilikuwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya, au nakala zilizoundwa Birmingham na Liège kwa ajili ya soko la Afrika. Mwaka 1890 Mkataba wa Brussels ulizuia bunduki za kisasa zisiuzwe huku, lakini ukaacha mwanya kwa za gumegume na baruti ya kawaida. Mwafrika aliachiwa silaha ambayo mtawala hakuiogopa. Matokeo yalionekana Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, pale Wapogoro na Wambunga walipolivamia boma la Wajerumani kwa mikuki na magobore. Bunduki za rashasha ziliwafyeka kabla hawajafika ukutani.

Watetezi wa gobore watataja Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliangamiza kikosi cha Wajerumani cha Zelewski kilichokuwa na bunduki bora kuliko zao. Ni kweli, lakini ushindi ule uliletwa na uvamizi wa ghafla na wingi wa mikuki. Gobore halidai sifa hiyo. Hoja nzito zaidi ni ya mkulima: tembo, viboko na nguruwe pori hula mpunga na mahindi yake, naye hana silaha nyingine anayoweza kumudu bei yake. Basi na atazame namna gobore linavyopakiwa. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, tambara likashindiliwa kwa mdeki, risasi ikafuata, tambara tena, ndipo fataki ikapachikwa. Kazi yote hiyo ni kwa mlio mmoja, na katika masika ya Kilombero baruti iliyoingia unyevu hailii kabisa. Tembo aliyejeruhiwa hasubiri upakie tena, na mtutu wa kienyeji ukipasuka humdhuru aliyeushika.

Wengine watasema gobore ni urithi. Urithi hulindwa vizuri zaidi na Makumbusho ya Majimaji pale Songea kuliko na chuma kipya kilichofichwa darini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inadai kibali, na umbo la kizamani halimwondolei mtu wajibu huo. Anayeingia na gobore porini kuwinda sheshe bila leseni ataitwa jangili, si mrithi wa wazee. Kwa hiyo mkulima wa Malinyi, fedha ya gobore nunulia mbegu na uzio, na tembo akiingia shambani mwite afisa wanyamapori.