Treni ya Baltimore na Karatasi ya Rafiki

Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1838, kijana wa miaka kama 20 alipanda treni mjini Baltimore, Marekani, kuelekea kaskazini. Aliitwa Frederick Bailey, na alikuwa mtumwa. Kwa sheria ya kule alikuwa mali ya mtu, sawa na mbuzi au jembe. Na mali haipandi treni ikajiendea.

Treni za abiria zilikuwa bado jambo jipya. Baltimore ilizianza mwaka 1830, tena mabehewa ya mwanzo yalikokotwa na farasi. Lakini ukaguzi, jamani, ulikuwa umeshakomaa! Mtu mweusi msafiri alitakiwa aonyeshe hati kwamba yeye ni huru, zenye kueleza umri wake, rangi, urefu, hata makovu. Frederick hakuwa nazo.

Alichokuwa nacho ni watu. Mchumba wake Anna Murray, mwanamke huru aliyefanya kazi za nyumbani, alimsaidia pesa za safari. Rafiki yake baharia akamwazima karatasi yake ya ubaharia, yenye picha ya tai wa Marekani. Shida ilikuwa moja: karatasi ilimweleza mtu mweusi zaidi kuliko Frederick. Wakishikwa, wanaumia wote wawili.

Basi akavaa kibaharia, shati jekundu na kofia, akarukia treni ikiwa inaondoka, ili asichunguzwe stesheni wakati wa kukata tiketi. Kondakta akafika kwenye behewa la watu weusi. Hati zako ziko wapi? Frederick akajibu kwamba baharini haendi nazo, ila ana karatasi yenye tai. Kondakta akaitupia jicho, akapokea nauli, akapita. Angeisoma vizuri, yote yangeishia pale.

Humo safarini alikuwemo pia mhunzi mmoja Mjerumani, aliyemtazama sana. Frederick aliamini kwamba yule mtu alimtambua. Lakini alinyamaza.

Akavuka mto kwa kivuko, akapanda treni nyingine, halafu meli, halafu treni tena. Kesho yake alikuwa New York. Anna akamfuata, wakaoana mwezi huohuo. Baadaye akabadili jina, na dunia ikamjua kama Frederick Douglass.

Mwaka 1845 aliandika kitabu cha maisha yake, lakini njia aliyotorokea hakuisema. Watu walitaka sana kujua, yeye akakataa. Angeisema, waliomsaidia wangeadhibiwa, na mlango ungefungwa kwa waliobaki nyuma. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865. Habari ya treni aliiweka kitabuni mwaka 1881, na hata humo, mwenye karatasi ni rafiki baharia tu.

Ndugu zangu wa kambini, na ninyi mnaotuhoji mkiwa na fomu mezani: ulipita wapi, nani alikuvusha, ulilala kwa nani? Ni maswali ya kazi, tunaelewa. Lakini mtu akisita kujibu, msiandike upesi kwamba anadanganya. Huenda nyuma yake bado kuna mtu aliyempa kitu, na huyo mtu bado anaishi kulekule.

Douglass alisubiri zaidi ya miaka 40. Sisi wengine hatujamaliza hata 10.